Mkopo umekataliwa na hujui kwa nini: kutafuta kosa katika rekodi yako ya madeni, Lubumbashi

Mama mmoja anauza ndakala na samaki wa kukausha katika soko la Kenya. Nazungumzia komini yetu ya Kenya hapa Lubumbashi, si ile nchi. Amekopa mara tatu kwenye kooperative moja ya mjini, na mara tatu amerudisha. Safari ya nne alifika asubuhi na mapema na picha zake mbili za paspoti, akakaa mbele ya ajenti wa mikopo. Ajenti akatazama ordinateri (kompyuta), akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mama, dosie yako haipite. Uko na deni."

"Deni gani, papa? Miye nilimaliza."

"Mashini ndiyo inasema hivi."

Alitoka pale bila karatasi hata moja mkononi. Jioni alikuja kwangu, maana anajua nilifanya kazi ya kukopesha watu kwa miaka minane kabla ya kuiacha. Swali nililomwuliza ndilo ninalomwuliza kila anayekuja na habari hiyo: walikuambia deni la kiasi gani, la tarehe gani, na la nani? Hakujua. Hakuuliza. Alikuwa ameona aibu, na mtu aliyeona aibu huwa anataka kutoka tu.

Naandika haya kwa ajili ya watu kama yeye, na kwa wale ambao bado hawajakataliwa lakini hawajawahi kuuliza jina lao limeandikwaje. Mambo mengi ninayoyaeleza hapa yanatengenezeka kwa barua na kwa karatasi ulizonazo nyumbani. Yanakuwa magumu pale tu yanapogunduliwa siku ile ile unapohitaji falanga.

Kwanza ujue rekodi inakaa wapi

Inakaa sehemu tatu. Ya kwanza ni kwa yule aliyekukopesha: mkataba wako, ratiba ya malipo, na orodha ya kila malipo uliyofanya, ile wanayoiita relve. Ya pili ni Banki Kuu ya Kongo, ambayo inaendesha daftari la mikopo linaloitwa Centrale des risques. Taasisi za mikopo zilizo chini ya usimamizi wake hutangaza humo nani anadaiwa, kiasi gani, na kama analipa vizuri au amechelewa. Mkopeshaji mwingine akitaka kukujua, anatazama humo. Ya tatu haiko kwenye karatasi yoyote: maajenti wa mikopo wa mji mmoja wanajuana, na wanapigiana simu. Mimi mwenyewe nimepiga simu hizo mara nyingi, na najua jinsi neno moja la "huyu alitusumbua" linavyoweza kumfuata mtu kwa miaka bila yeye kulisikia.

Mashauri mengi yanayozunguka kwenye simu zetu yameandikwa kwa watu wa nchi nyingine. Marekani kuna makampuni matatu yanayotunza rekodi hizi, Equifax, Experian na TransUnion, na mtu anazitazama kwenye intaneti. Nchini Kenya sheria inampa kila mteja ripoti moja ya bure kwa mwaka. Ndugu yako aliye Brussels anaweza kuomba bure rekodi yake kwenye Banki ya Taifa ya Ubelgiji. Hapa kwetu njia ni ya karatasi: unamwendea mkopeshaji, unaandika barua, unangoja. Kwa hiyo ukipata ujumbe wa mtu anayejigamba kwamba atakusafishia jina kwa dola 30 ukimtumia namba ya kadi yako ya uchaguzi, usimjibu. Hana mlango wa kuingilia. Anachotaka ni ile namba.

Haki ya kuuliza unayo. Sheria ya mambo ya dijitali ya nchi yetu (Code du numérique), iliyosainiwa tarehe 13 Machi 2023, inampa mtu haki ya kujua habari zake zinazohifadhiwa na wengine, na haki ya kuomba zirekebishwe zikiwa na kosa. Utaje sheria hiyo kwenye barua yako, mstari mmoja unatosha.

Kitu kimoja zaidi. Likelemba, ule mchango wa kupokezana, haiingii kwenye daftari hilo. Wala deni la jirani. Wala zile falanga unazochukua kwa mtu wa Banki Lambert, yaani mkopeshaji wa mtaani asiye na kibali, na kurudisha karibu mara mbili mwisho wa mwezi. Unaweza kulipa hizo zote kwa uaminifu miaka kumi na daftari likabaki jeupe.

Wanasema uko na deni, na wewe unakumbuka ulimaliza

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote, na ndiyo inayoumiza, kwa sababu mtu anahisi ameitwa mwongo. Usianze kwa kugombana. Omba relve ya mkopo ule wote, kuanzia siku ulipopewa mpaka leo. Wakikupa ya mwezi wa mwisho tu, irudishe, omba yote. Kisha chukua bordero zako (risiti za malipo), zipange kwa tarehe, usome mstari kwa mstari: bordero moja, mstari mmoja. Penye pengo patajionyesha.

Kwa yule mama tulifanya hivyo sakafuni, juu ya mkeka, kwa taa ya simu kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Bordero alikuwa nazo zote ndani ya mfuko wa sukari, zimeanza kunuka samaki. Kumi na moja zilikubaliana na relve. Ya kumi na mbili, ya mwisho, ilitakiwa iwe dola 200. Ilikuwa imeandikwa 180.

Nikaweka kidole pale. Aliitazama muda mrefu. Kisha akakumbuka: siku ile kezie, yule mpokea fedha, alirudisha noti moja ya dola 20 kwa sababu kona yake ilikuwa imepasuka, mpasuko mdogo kama ukucha wa mtoto. Kila mtu wa Lubumbashi anajua habari ya dola iliyopasuka. Mama akamwambia kezie azikate hizo 20 kwenye akiba yake, kezie akaitikia kwa kichwa, mtu wa nyuma kwenye foleni akasogea, basi. Hakuna aliyeandika kitu. Zile dola 20 zikabaki deni, deni likaanza kuzaa faini ya kuchelewa, na ripoti ya mama aliyelipa miezi kumi na miwili ikabadilika bila yeye kujua.

Kwa hiyo, chanzo cha kwanza cha kutafuta ni salio dogo. Soma bordero hapo hapo gishe (dirisha la malipo), kwa tarakimu na kwa maneno, kabla hujaondoa miguu. Ahadi ya mdomo kwamba "tutakata kwenye akiba" iandikwe na isainiwe, au uende kubadilisha noti kwa kambisti, yule mbadilisha fedha, hapo nje, hata kama atakukata, urudi kumalizia.

Chanzo cha pili ni ndugu wa hicho: bei ya dola. Mkopo umeandikwa kwa dola, wewe unauza kwa falanga na unalipa kwa falanga. Nyumbani umepiga hesabu kwa bei ya kambisti wa barabarani, lakini gishe wanageuza kwa bei yao. Unapungukiwa dola moja mwezi huu, mbili mwezi ujao, na kezie mwenye haraka haoni sababu ya kukuambia. Uliza kabla ya kutoa falanga: leo mnageuza kwa ngapi? Na bei hiyo ionekane kwenye bordero. Kama haionekani, iandike mwenyewe kwa kalamu nyuma yake pamoja na tarehe.

Cha tatu: akaunti uliyoiacha ikilala. Mkopo ulikwisha, ukahamia kwingine, akaunti ikabaki na sifuri. Gharama ya kutunza akaunti inaendelea kukatwa kila mwezi, sifuri inakuwa chini ya sifuri, na hapo tayari ni deni. Akaunti usiyoitumia ifunge kwa barua. Kuacha kwenda si kuifunga.

Cha nne ni kosa la upande wao peke yao: ulilipa yote, relve inaonyesha sifuri, lakini habari ya kwamba umemaliza haikutangazwa kwenye Banki Kuu, au ilitangazwa ikakosewa. Dawa yake ni karatasi ya kumaliza deni, atestasyo yenye jina lako, namba ya mkopo, tarehe ya malipo ya mwisho, muhuri na saini. Iombe siku ile ile unapolipa mara ya mwisho, maana siku ile bado wanakutabasamia. Ukirudi baada ya miaka miwili, ajenti amehamia Kolwezi na dosie iko kwenye kartoni chini ya ngazi.

Watu wananiuliza watazame rekodi mara ngapi. Wengi wanafikiri mara moja kwa mwaka inatosha. Mimi nasema kila miezi miwili mtu mwenye mkopo unaoendelea aombe relve. Sababu ni hii: sehemu kubwa ya dunia, wakaguzi wa mabanki wanautazama mkopo uliochelewa zaidi ya siku 90 kwa jicho tofauti kabisa na uliochelewa wiki mbili. Dola 3 zilizosahaulika ukizikuta siku ya 50 unazilipa na mambo yamekwisha. Ukizikuta siku ya 200, hata ukilipa leo, historia ya kwamba ulichelewa siku 200 imeandikwa tayari.

Deni lenyewe si lako hata kidogo

Hapa shida mara nyingi ni jina. Ukiita "Ilunga!" kwenye soko lolote la mji huu, watageuka watu wengi. Tuna majina matatu, na kila ofisi inayapanga inavyotaka: huku la babu linatangulia, kule la ubatizo. Huyu anaandika Mwepu, yule Muepu. Na mapacha je? Kwa Waluba wa Katanga mapacha ni Kyungu na Kabange, wamezaliwa siku moja, baba mmoja, parseli moja (kiwanja kimoja). Nimemwona Kabange aliyekuwa anafuatwa kwa deni la Kyungu, na ajenti aliyekuwa anamfuata hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ukurasa wenye tarehe ileile ya kuzaliwa na avenyu ileile.

Namba ya kadi ya uchaguzi ingetusaidia kutenganisha watu, kwa kuwa ndiyo tunayoitumia kama kitambulisho. Lakini kadi yenyewe inabadilika. Kabla ya uchaguzi wa 2006, wa 2011, wa 2018 na wa 2023 watu walijiandikisha upya na kupewa kadi nyingine yenye namba nyingine. Ukikopa na kadi ya zamani na leo ukaja na mpya, unaweza kuonekana kama watu wawili: mmoja aliyelipa vizuri, na mmoja asiyejulikana. Usitupe kadi za zamani. Zitunze pamoja na karatasi za mikopo iliyochukuliwa kwa kadi hizo, na kila unapopata kadi mpya mpelekee mkopeshaji fotokopi ili abadilishe dosie.

Namna ya kupima: omba kuona mkataba wenyewe wa deni hilo. Usikubali kusomewa kutoka kwenye ordinateri. Kwenye mkataba tazama picha, saini, namba ya kadi, namba ya simu na avenyu. Kama picha ni ya mtu mwingine na simu huijui, ni mchanganyiko wa majina tu, na barua yenye fotokopi ya kadi yako mara nyingi inaumaliza.

Kama kadi ni yako kweli lakini saini siyo, hapo kuna mtu ametumia fotokopi yako. Hebu hesabu fotokopi za kadi yako ulizoacha huku na huku: kwa muuza simu, kwa wakala, shuleni, kwenye mashini ya fotokopi ambapo ile iliyotoka na wino mbaya ilitupwa kwenye sanduku nawe ukiwa unatazama. Tangu niache kazi nina desturi moja: kila fotokopi ninayoitoa naiandika kwa kalamu, katikati, juu ya kadi yenyewe, imetolewa kwa ajili ya nini na tarehe gani. Ile iliyoharibika naondoka nayo. Na ukikuta mkataba wenye saini ya kughushiwa, usiishie kwa ajenti. Peleka mashtaka parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), uombe nakala yenye namba ya kupokelewa, na nakala hiyo ndiyo utakayoiambatanisha na barua kwa mkopeshaji na kwa Banki Kuu.

Kuna pia mikopo midogo ya simu. Namba iliyonunuliwa barabarani huenda imeandikishwa kwa kadi ya muuzaji, na namba yako ya zamani uliyoiacha inaweza kupewa mtu mwingine. Nenda kwenye duka la kampuni ya simu yako, uulize ni namba zipi zimeandikwa kwenye kadi yako, na zile usizozijua ziondolewe.

Hukukopa, ulisaini tu

Yule mama, kabla hatujaziona zile dola 180, alikuwa na hakika kwamba tatizo ni shemeji yake. Mdogo wa mume wake alikopa fedha za kununua pikipiki, na yeye akasaini kama mdhamini. "Nilimusaidia tu," aliniambia, "haikuwa deni yangu." Safari hii shemeji alikuwa analipa vizuri. Lakini hofu ya mama ilikuwa na msingi.

Nchi yetu iliingia rasmi OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na udhamini sasa unafuata sheria yake ya dhamana. Kwa sheria hiyo, mdhamini kwa kawaida anahesabiwa kusimama bega kwa bega na mkopaji: mkopeshaji akikosa kulipwa anaweza kukugeukia wewe kwa deni zima mpaka kiasi ulichodhamini. Si lazima kwanza auze pikipiki ya shemeji.

Lakini sheria hiyohiyo inakulinda kwa mambo ambayo watu wengi hawayajui. Kiasi cha juu unachodhamini lazima ukiandike mwenyewe kwa mkono wako, kwa maneno na kwa tarakimu. Asiyejua kuandika asaidiwe na mashahidi wawili. Tena mkopeshaji anatakiwa kukujulisha mkopaji anaposhindwa kulipa. Kwa hiyo dalili ikiwa hii, kitu cha kwanza ni kutafuta karatasi uliyosaini. Kama imechapwa yote na mashini na mkono wako uliweka saini peke yake, ionyeshe kwa mwanasheria kabla hujalipa hata falanga moja. Kama kiasi umekiandika mwenyewe, kaa na shemeji mapema, kabla ya siku 90, mwende pamoja kwa mkopeshaji kuomba ratiba mpya.

Nawaambia wadhamini jambo ambalo familia hazipendi kulisikia: una ruhusa ya kumwomba ndugu yako bordero yake kila mwezi. Ukimwomba ataona kama humwamini. Mwombe hivyo hivyo. Jina lililo kwenye ile karatasi ni lako pia.

Mikopo ya kundi, ile ambayo mama kumi wanasimamiana, ina chanzo cha namna hiyohiyo. Mmoja akikimbilia Kasumbalesa mpakani na asirudi, kundi zima linasomeka kuwa limechelewa, hata wale tisa waliolipa sehemu zao. Kundi liwe na daftari lake linaloonyesha nani amelipa nini. Bila hilo daftari, wale tisa hawana cha kuonyesha wanapotaka kukopa kila mtu kwa jina lake.

Mshahara unaendelea kukatwa

Hii ni ya walimu, wauguzi na wafanyakazi wengine wa serikali wanaolipwa kupitia banki. Ulichukua mkopo wa mshahara wa miezi kumi, na huu ni mwezi wa kumi na mbili bado wanakata. Mara nyingi kuna mwezi ambao mshahara ulichelewa, kikakatwa kidogo au hakikukatwa kitu, na ratiba ikasogezwa mbele na faini juu yake. Omba ratiba mpya iliyosainiwa na ulinganishe na ile ya kwanza. Ikiwa tofauti haielezeki kwa miezi iliyochelewa, dai kurudishiwa, kwa maandishi.

Daftari ni jeupe: hawakujui

Umelipa kila mtu, huna deni, na bado wanakuambia dosie haina historia. Tafuta kwanza kama historia yako imebaki kwenye kadi ya zamani, kama nilivyoeleza hapo juu. Kama kweli hujawahi kukopa mahali panapotangaza, sishauri mtu akope ili tu ajulikane. Riba ni riba. Lakini kama unahitaji mtaji hata hivyo, na umezoea kuuchukua kwa Banki Lambert, chukua kiasi kidogo kwenye taasisi yenye kibali cha Banki Kuu, kiasi ambacho hata wiki mbaya ya mvua haikuzuii kulipa. Kibali hicho wanatakiwa kuwa nacho, waombe wakuonyeshe.

Umemaliza, lakini parseli bado imefungwa

Mwenye kuweka nyumba rehani ana kazi ya ziada. Kurudishiwa certificat d'enregistrement mkononi hakutoshi. Rehani iliandikwa kwenye ofisi ya hati za ardhi, na huko itabaki mpaka mkopeshaji atoe karatasi ya kuifungua, mainlevée, na ofisi ile ifute maandishi. Nimemwona baba mmoja wa Katuba akitaka kuuza parseli miaka sita baada ya kumaliza deni, mnunuzi amekwisha kuhesabu fedha, na hati inaonyesha bado ni rehani. Alihangaika miezi mitatu kwa jambo ambalo lingechukua asubuhi moja wakati ule. Baada ya kumaliza, nenda mwenyewe kwa konservateri, mkuu wa ofisi ile ya hati, ukahakikishe kwamba rehani imefutwa.

Barua

Kila kinachotengenezwa hapa kinatengenezwa kwa barua, na ofisi zetu zinasoma Kifaransa. Kama hukiandiki vizuri, mwombe mwanao wa sekondari, lakini maneno yawe yako na yawe machache: jina lako lote kama lilivyo kwenye kadi, namba ya kadi, namba ya mkopo, kosa uliloliona, unachoomba, na orodha ya fotokopi ulizoambatanisha. Usimsimulie mkurugenzi maisha yako. Usitoe karatasi halisi hata wakikuahidi kuitunza.

Chapa nakala mbili. Moja unaiacha. Nyingine wanaipiga muhuri wa kupokea, na tarehe na saini ya aliyepokea, nawe unarudi nayo nyumbani. Sekretari akisema "acha tu, nitampa mkubwa", kaa. Kaa kwenye benchi mpaka muhuri upatikane. Bila muhuri ule hukuandika barua, maana hakuna tarehe ya kuanza kuhesabu siku za kungoja.

Barua ya kwanza ni kwa mkopeshaji. Ukipita mwezi bila jibu, andika ya kukumbusha na uambatanishe fotokopi ya ile yenye muhuri. Bado kimya, ipeleke yote kwa Banki Kuu, kwenye ofisi yao ya mkoa hapa mjini, ukiomba mambo mawili: kujua kilichotangazwa juu yako, na kirekebishwe. Kama taasisi iliyokukopesha ilikwisha kufungwa, uliza Banki Kuu nani aliteuliwa kufilisi mali yake, maana mtu huyo ndiye anayeshika madaftari, na kwake madeni ya zamani bado yanadaiwa.

Yule mama aliandika barua mbili. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilipofika, walimwita, wakatoa dosie, wakamkuta kezie yule yule, ambaye kwa kweli alikumbuka ile noti. Mama alilipa dola 20. Faini waliiondoa nusu, nusu akailipa huku amenuna. Akakataa kutoka mpaka apewe karatasi ya kumaliza deni. Alipewa Alhamisi moja, saa tano kasoro. Akaisoma hapo hapo gishe kwa kidole, neno kwa neno, akakuta herufi moja ya jina la baba yake imekosewa, akaisukuma chini ya kioo waiandike upya.